Kulala peke yako msituni theluji ya Machi: cha kuogopa ni maji

Asanteni jamani, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nimeombwa niongelee kulala msituni usiku mmoja, peke yako, kwenye theluji, na nimechagua hiki kipindi cha mwisho wa Machi mpaka Aprili mwanzoni kwa sababu ndo kipindi watu wetu wengi hapa, Syracuse, Utica, Buffalo, wanaona jua limetoka siku mbili tatu wanasema baridi imeisha, twende. Mjini imeisha kweli. Adirondack, huku milimani kaskazini mwa jimbo la New York, bado.

Kwa wasioijua, Hifadhi ya Adirondack ipo toka 1892, ukubwa wake kama kilomita za mraba 24,000, Serengeti ni 14,763, kwa hiyo tunaongelea eneo kubwa, na ndani yake kuna watu wanaishi, Lake Placid walikofanyia Olimpiki ya baridi 1932 na 1980 ipo humo humo. Mlima mrefu kuliko yote ni Marcy, mita 1,629. Najua wa Moshi mnasema moyoni hiyo hata geti la Machame hujalifikia, na ni kweli, lakini Kilimanjaro hupandi bila guide, na wagumu, yaani wapagazi, wanakubebea hema, wanakupikia, asubuhi unaamshwa na chai. Huku ni wewe na begi lako, hakuna mtu wa kukuangalia usoni akakwambia we mwenzetu mbona unaongea taratibu, hebu kaa chini unywe kitu cha moto. Hiyo kazi ya kujiangalia unaifanya mwenyewe, na ndo maana nasisitiza sana haya ninayosema.

Sasa jambo lenyewe. Watu wanaogopa namba ya baridi. Januari inaweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini theluji ya Januari ni unga mkavu, unajikung'uta inatoka. Machi mchana unakuta nyuzi 5 juu, theluji inayeyukia mabegani, inaingia kwenye glovu, buti linalowa, halafu jua likizama saa moja na kitu jioni inashuka mpaka 12 chini na kila kilicholowa kinaganda kigumu kama ubao. Maji yanabeba joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo mtu aliyelowa kwenye nyuzi 3 yuko hatarini kuliko mkavu kwenye 15 chini, na wengi hawaamini hili mpaka waelezwe vizuri.

Na maji ya kwanza kukulowesha ni jasho lako. Ondoka kwenye gari ukiwa unahisi kibaridi, koti liko begini, tembea taratibu, ukianza kutoka jasho simama vua. Jeans na tisheti ya pamba acha nyumbani kabisa, vaa sufu au nguo za polyester, na soksi kavu za kulalia ziwe kwenye mfuko wa nailoni, hazivaliwi mpaka uko ndani ya hema, hata ushawishike vipi.

Kule kwenye milima mirefu kuna sheria, theluji ikizidi sentimita 20 lazima uvae viatu vya theluji, yale mafremu mapana unayofunga chini ya buti, au skii. Siyo urasimu. Mchana theluji inalegea, bila hayo mguu unazama mpaka pajani, unalowa, unaweza kuvunja mguu, na shimo unaloacha linaganda usiku linakuja kumvunja mwingine. Tembea asubuhi wakati juu kumeganda. Na mito midogo ivuke asubuhi, jioni imejaa maji ya kuyeyuka, na daraja la theluji, ile theluji iliyofunika juu ya mto, lililokubeba saa mbili asubuhi, saa tisa mchana linaweza lisikubebe.

Kambini fika mapema, saa tisa saa kumi hivi. Usipige hema bondeni kabisa, hewa baridi inashuka inatuama huko, wala chini ya mti uliokauka. Kama hapana alama ya kambi, kaa zaidi ya mita 46 kutoka njia na maji, ndo sheria. Kanyaga theluji ukiwa na vile viatu mpaka iwe ngumu, iache nusu saa ishikane, ndo upige hema. Vigingi vya hema vya kawaida havishiki, chukua kijiti, funga kamba katikati, kilaze kwenye shimo, fukia, kanyaga. Kikiganda hakitoki, asubuhi utakichimba.

Chini yako ndo muhimu kuliko juu yako, hapa naomba mnisikilize. Begi la kulalia ukililalia linabanwa, upande wa chini halina joto tena, kinachokutenga na theluji ni godoro. Magodoro ya kambi yana kipimo kinaitwa R, theluji inataka 5 kwenda juu, na vipimo vinajumlishwa, la povu lenye 2 chini na la kujaza upepo lenye 4 juu unapata 6. Na lile la povu halitoboki. Kwenye begi lenyewe soma namba ya comfort, yaani baridi unayoweza kulala nayo vizuri, achana na ya limit, ile ya limit ni ya kuvumilia tu.

Maji ya kunywa, kama kuna kijito kipo wazi chota huko, uyachemshe au uyatibu. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunakula joto lile lile la kupandisha lita ya maji toka sifuri mpaka nyuzi 80, kwa hiyo gesi inaisha unashangaa. Ukilazimika, weka maji kidogo kwenye sufuria kwanza ndo uongeze theluji, bila hivyo sufuria inaungua. Butani ikishuka chini ya sifuri inagoma kutoka, tafuta mtungi wenye isobutani na propani, na ulale nao. Chupa ilaze kichwa chini, barafu inaanza juu, mdomo hauzibwi. Nyingine jaza maji ya moto, kaza kifuniko kweli kweli, weka mapajani ndani ya begi la kulalia.

Jiko halipikiwi ndani ya hema lililofungwa. Wa Makete na Limuru mnaelewa habari ya jiko la mkaa chumbani, kaboni monoksidi haina harufu, na ukiwa peke yako hakuna wa kukuvuta nje.

Halafu kujipima. Kila saa gusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono ule ule. Vikishindwa kukutana, usijadili na nafsi yako, vaa, kula kitu chenye sukari, kama ni mchana geuza. Simu iwe kifuani, betri haipendi baridi, na iPhone toka ya 14 huku Marekani inaweza kuita msaada kwa setilaiti. Ila kabla ya yote jiandikishe kwenye daftari la mwanzo wa njia, na mwachie mtu saa kamili: nisipopiga mpaka saa kumi jioni Jumapili, piga kwa maaskari wa misitu. Mtu huyo awe anayeshika simu.

Dubu nao wanaanza kuamka, kuanzia Aprili 1 upande wa mashariki wa ile milima mirefu chakula lazima kiwe kwenye kopo lile gumu lisilofunguka kwa dubu. Na ukifika msimu wa matope, theluji ikiyeyuka, njia za juu ya mita 760 mamlaka wanaomba watu wasizitumie, basi tusizitumie, ardhi inaharibika.

Nimeleta magodoro yote mawili, yako hapa mbele, na kijiti kimefungwa kamba tayari. Njooni mguse halafu mniulize.