Lenzi za Baba kwenye Kamera ya Dijitali

ZUHURA: Assalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Ngamiani, Tanga, na mjomba Kombo yuko hapa pamoja nami. Shikamoo mjomba.

KOMBO: Marahaba mwanangu. Wasikilizaji, hamjambo.

ZUHURA: Leo tunaanza na swali la msikilizaji wa Muheza. Baba yake alikuwa mpiga picha za harusi, amemwachia kamera ya filamu, Nikon FM2, lenzi ya milimita 28, ya 50, zuum ya 80-200 ambayo mzee aliinunua baadaye, na flashi moja kubwa. Sasa kapata kamera ya dijitali, Nikon D3300 iliyotumika, bei nafuu. Anauliza anunue?

KOMBO: Asubiri kwanza. Najua bei inavutia, lakini mali aliyoachiwa ni zile lenzi, kwa hiyo bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ndiyo itafutwe kwa kuzifuata lenzi. Watu wengi wanafanya kinyume: wananunua bodi, wanarudi nyumbani, ndipo wanafungua begi la marehemu.

ZUHURA: Lakini mjomba, si husemwa Nikon hawakubadilisha mdomo wa kamera, pale lenzi inapobana?

KOMBO: Ni kweli. Mdomo ule ni wa mwaka 1959, na lenzi zake zitaingia kwenye D3300 na kubana vizuri kabisa. Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine. Chukua hiyo ya 50, ya kuzungusha kwa mkono. Ukiivalisha D3300, kamera haiioni. Haina chipu ya kuzungumza na bodi, na bodi haina kile kijino pembeni ya mdomo kinachosoma pete ya tundu, ile ya kuongeza au kupunguza mwanga unaopita kwenye lenzi. Kwa hiyo inakataa kupima mwanga. Unabaki kwenye M, yaani kila kitu kwa mkono, unakadiria mwenyewe, unapiga, unatazama skrini, unarekebisha, unapiga tena.

ZUHURA: Kwa picha ya mlango wa zamani hapa mjini nitavumilia. Bi harusi akiingia ukumbini?

KOMBO: Hatakusubiri! Na kuna jambo la pili. Kwenye FM2 ukichungulia unaona kile kiduara cha katikati kinachokata picha vipande viwili, unazungusha mpaka mstari unaungana, fokasi imekaa. D3300 haina kiduara hicho, na dirisha lake la kuchungulia ni dogo. Kuna kitaa cha kijani chini kinachowaka fokasi ikikaa, kinasaidia, ila kazi inakuwa ya polepole.

ZUHURA: Na ile zuum? Hiyo si ina fokasi ya otomatiki?

KOMBO: Aigeuze, atazame nyuma pale kwenye chuma. Akiona kijiskrubu kimoja chenye mfuo, ajue lenzi hiyo haina mota ndani. Mota inatakiwa iwe kwenye bodi, nayo inazungusha ule mfuo. Bodi za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zake wote wa tarakimu nne zinazoanza na 3 au 5, hazina mota hiyo. Mwanga itapima, fokasi atazungusha mwenyewe.

ZUHURA: Basi atafute ipi?

KOMBO: Atafute D7000, D7100 au D7200. Zile zina mota na zina kijino cha kusoma pete. Anaingia kwenye menyu, anaiambia kamera hii ni lenzi ya 50, tundu lake kubwa ni 1.8 au lolote lililoandikwa mbele, na kamera inapima mwanga barabara. Akiwa na uwezo zaidi, D610, D750 au D700. Lakini asivutwe na D7500 kwa ukubwa wa namba yake: mota ipo, kijino wamekiondoa. D90 vilevile haina kijino.

ZUHURA: Hapo msikilizaji rudisha nyuma usikilize tena.

KOMBO: Na akienda sokoni kuongeza lenzi kuukuu, aangalie pete ya tundu. Zilizotoka kuanzia 1977 zina safu mbili za namba, moja ya kawaida na nyingine ndogo karibu na mdomo. Akikuta safu moja tu, aiache kwanza mpaka fundi aione. Pete za lenzi za kale zaidi zinaweza kugonga kile kijino na kukivunja.

ZUHURA: Mie nina swali la harusi zetu. Milimita 28 ya mzee ilikuwa ndiyo lenzi ya picha ya ukoo mzima. Itabaki hivyo?

KOMBO: Kwenye D7100 haitabaki. Filamu ilikuwa milimita 24 kwa 36. Sensa ya D7100, ile inayopokea picha badala ya filamu, ni ndogo, kama 24 kwa 16, inachukua katikati tu ya kile lenzi inachoona. Zidisha kwa 1.5: ile 28 inakuwa na mwono wa 42, ile 50 inakuwa 75. Kwa Canon nyingi unazidisha kwa 1.6.

ZUHURA: Kwenye sebule zetu za Ngamiani, bi harusi amekaa, mashangazi pande zote, ukirudi nyuma umegota ukuta. Mjomba, 42 haitoshi.

KOMBO: Haitoshi, ndiyo maana namwambia aongeze ile 18-55 iliyokuwa ikiuzwa pamoja na bodi ndogo za Nikon. Inapatikana kwa bei ndogo, na upande wake mpana unafanana na 27 ya zamani. Ile 50 ya baba atapenda ilivyogeuka: kwa picha ya uso, 75 ni tamu sana. Akipata D610 au D750 hana haja ya hesabu hii, sensa zake ni kubwa sawa na filamu.

ZUHURA: Sisi wenye Canon? Jirani yangu ana AE-1 ya mwaka 1976, lenzi zake safi kabisa.

KOMBO: Lenzi hizo ni FD, na Canon walibadilisha mdomo moja kwa moja mwaka 1987 walipoleta kamera zao za EOS. FD zinakaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, EOS 44. Ukiweka adapta ya chuma tupu, lenzi iko mbele kuliko inavyotakiwa, haifokasi mbali. Ataona vizuri ua lililo karibu, lakini Kisiwa cha Toten kule bandarini kitabaki ukungu. Adapta zenye kioo ndani zipo, ila zinapunguza ubora. Afadhali aziweke kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuinuka. Kutoka mdomoni mpaka kwenye sensa nafasi yake ni fupi, kwa hiyo adapta ya kawaida inapata pa kukaa na inatosha. Lakini mwenye EOS ya filamu, lenzi zake za EF za Canon zinafanya kazi kwenye EOS zote za dijitali zenye kioo cha kuinuka, fokasi na kila kitu.

ZUHURA: Minolta?

KOMBO: Zile za fokasi ya otomatiki za kuanzia 1985 zinaingia kwenye Sony Alpha za mdomo wa A. Pentax nao hawakuwatupa wateja wao, lenzi za K za tangu 1975 zinatumika mpaka leo.

ZUHURA: Tusiisahau ile flashi.

KOMBO: Flashi ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Baadhi ya zile kubwa za zamani zinatoa zaidi ya volti 200 kwenye kiguu kinachoingia juu ya kamera. Nikon za dijitali zinaandikiwa mwisho volti 250, lakini zipo Canon za mwanzo zilizotakiwa zisizidi volti 6. Aende kwa fundi redio, aiwashe flashi mpaka taa ya tayari iwake, fundi apime kwa mita kati ya pini ya katikati na chuma cha pembeni. Asiivalishe kamera kabla ya hapo.

ZUHURA: Ikipita kipimo, otomatiki yake itafanya kazi?

KOMBO: Ile iliyotegemea kamera, hapana. Kamera za filamu zenye mfumo huo zilisoma mwanga unaorudi kutoka kwenye filamu yenyewe wakati picha inapigwa. Sensa hairudishi mwanga kwa namna hiyo, wakatengeneza mfumo mwingine wa kutoa mwako mdogo kwanza. Kama flashi ina jicho lake mbele la kujipimia, atatumia hilo, na litamtosha.

ZUHURA: Na upigaji wenyewe? Mie niliyeanza na dijitali nashangaa wazee mnavyoongeza mwanga.

KOMBO: Filamu ya negativu ilisamehe mwanga ukizidi. Dijitali haisamehi. Kanzu nyeupe kwenye jua la saa saba mchana ikishaungua, mistari ya darizi imekwenda, hairudi hata kwa kompyuta. Apime kwa ajili ya kile cheupe, kivuli atakiinua baadaye, na apige RAW, yaani faili ghafi la kamera.

ZUHURA: Tumalizie na hali ya lenzi zenyewe. Hapa pwani unyevu hauna huruma.

KOMBO: Afungue tundu lote, amulike tochi kutoka nyuma, achungulie mbele. Akiona utando kama wa buibui ukitambaa kutoka ukingoni, hiyo ni kuvu. Ikiwa changa fundi ataisafisha, ikikomaa inakula rangi ya kioo. Aitenge na nyingine. Halafu azitoe kwenye mikoba ya ngozi, ngozi inashika unyevu. Aweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu, ila vinachoka, avibadilishe.

ZUHURA: Na hiyo bodi iliyotumika, ataijuaje?

KOMBO: Aende dukani na lenzi zake. Apige picha moja, aihifadhi, aisome kwa programu inayoonyesha shata, lile pazia la kamera, imepiga mara ngapi. D7000 shata yake ilijaribiwa kufika mara 150,000. Muuzaji akikataa asipige hiyo picha moja, aende duka la pili.

ZUHURA: Muheza, umesikia. Tuandikie umepata ipi, na kama una picha za harusi za mzee, tuletee tuzione.