Skripti ya ukurasa ikijipandisha cheo ndani ya brauza

Haya wadau, wa nyuma mnanisikia? Tuanze basi. Watu wengi ukiwaambia brauza imevamiwa wanafikiria virusi, yaani kitu umekidaunlodi ukakibonyeza mwenyewe. Leo naongelea kingine kabisa, hujadaunlodi, hujabonyeza, umefungua ukurasa tu na skripti yake, yaani maagizo ya programu yanayokuja na ukurasa, ikajipandisha cheo.

Brauza ya Firefox ya zamani, zile menyu, vitufe, dirisha la settings, sehemu kubwa iliandikwa kwa JavaScript, lugha ileile ya kurasa za wavuti na injini ileile. Tofauti ni ngazi tu. Skripti ya ukurasa imefungiwa kwenye kisanduku chake, faili zako haigusi, ila skripti ya brauza yenyewe inasoma diski, inainstoli, inaendesha programu. Ni mgeni na mlinzi waliovaa sare moja, kinachowatenganisha ni kitambulisho, sasa ole wako mlango mmoja usahau kukiuliza.

Aprili 2005 mlango wenyewe ulikuwa kaikoni! Kale kapicha kadogo ka tovuti. Ukurasa unaruhusiwa kuiambia brauza "ikoni yangu iko hapa", sasa badala ya anwani ya picha unaweka anwani inayoanza na javascript: halafu kodi yako, yaani maagizo yako ya programu, inafuata. Anayeenda kuichukua ikoni ni nani? Brauza. Kwa hiyo kodi inaendeshwa kwa cheo cha brauza, mchezo umeisha. Toleo 1.0.3 likaziba, mwezi uliofuata ikabidi itoke 1.0.4, na tobo mojawapo lililozibwa humo lilikuwa ikoni tena, safari hii ile ya kwenye kidirisha cha kuinstoli ekstensheni, vile viongezeo vya brauza. Mi hapo huwa nacheka tu.

Ya Agosti 2015 haichekeshi lakini. Tangazo la biashara kwenye tovuti ya habari Urusi, ndani yake kuna skripti inayopitia kisomaji cha PDF cha Firefox, nacho kimeandikwa kwa nini? JavaScript. Haikuweza kuendesha programu, iliweza kusoma faili basi, na mtu atasema aah kusoma tu, ila angalia ilikuwa inasoma nini: kwenye Linux inachukua /etc/passwd yenye orodha ya watumiaji, inaingia folda zao inabeba .bash_history na .mysql_history, yaani kumbukumbu za amri walizoandika, funguo za SSH za kuingilia seva kwa mbali, na faili za maandishi zenye "pass" au "access" kwenye jina, kwenye Windows inatafuta setingi za FileZilla na wenzake wa FTP, zile programu za kuhamishia faili kwenye seva. Vyote vinapakiwa kwenye seva iliyoonekana kuwa Ukraine. Unaona hapo aliyekuwa anawindwa? Sio bibi anayesoma habari zake, ni wewe unayeshika seva za watu, maana mwenye ufunguo wako wa SSH hahitaji tena brauza yako.

Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wakatoa toleo 39.0.3 la kuziba tarehe 6 Agosti. Firefox ya Android ilisalimika kwa sababu haikuwa na kisomaji hicho, na waliokuwa wanablock matangazo huenda nao walipona. Ubaya ni kwamba haikuacha alama yoyote kwenye mashine, huwezi kukagua ukajua kama uliibiwa, ndo maana waliwaambia watu wabadilishe tu funguo na paswedi zilizokuwa kwenye hizo faili. Wa Mac, skripti ile haikuwatafuta, ila tobo walikuwa nalo vilevile.