Asigeuze: Mhadhara Kuhusu Injini Kuzima Baada ya Kuruka, Tabora

Mwangaluka, wana Tabora. Wazee wangu, shikamooni. Walimu na vijana wa fizikia, asanteni kwa kuja na jua hili.

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema, na nitakisema tena, kwa sababu bado naulizwa, tena na watu waliosoma: "Injini ikizima baada ya kuruka, si rubani ageuze tu arudi? Uwanja si uko pale pale nyuma yake?" Asigeuze. Wazo hilo limeua wanafunzi wengi wa urubani, na wakufunzi wao pamoja nao.

Chukueni Tiger Moth, ndege iliyofundisha marubani wa kijeshi wa Uingereza na makoloni yake. Iliruka mara ya kwanza Oktoba 1931. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, ya mbao na kitambaa, yameshikanishwa kwa nguzo na nyaya. Mkufunzi anakaa mbele, mwanafunzi nyuma, wanasemezana kwa mpira wa kupitishia sauti. Injini ina nguvu za farasi 130. Tangi la mafuta liko kwenye bawa la juu, yaani juu ya vichwa vyao, na mafuta yanateremka yenyewe bila pampu.

Kwa nini injini izime pale pale, ndege ikiwa ndiyo kwanza imeinuka? Tuseme mtu amesahau kufungua koki ya mafuta. Injini itawaka, kwa sababu kabureta na bomba vina mafuta yaliyobaki. Itapashwa moto, itakwenda mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, na inaweza hata kuruka. Kisha yale yaliyobaki yanakwisha. Maji ndani ya mafuta nayo yanaweza kukusubiri mpaka hapo hapo.

Sasa mko mita 100 juu ya ardhi na kelele imekatika. Pua ya ndege bado imetazama juu. Mpanda baiskeli akiacha kukanyaga pedeli kwenye mlima, mnajua anavyokwama. Na ndege hii inakokota nguzo na nyaya zote zile hewani, kwa hiyo kasi inakatika upesi mno. Rubani ana sekunde chache za kusukuma mbele fimbo ya kuongozea ndege ili pua iiname. Kaeni na hilo kidogo: ardhi iko karibu, woga umemshika, na anatakiwa aielekeze ndege kwenye ardhi hiyo hiyo. Mwili wote unakataa. Mkono unataka kuvuta. Ndiyo maana mkufunzi hulirudia zoezi hili mpaka mwanafunzi achoke naye.

Akigeuza, hesabu yake ni hii. Ndege ambayo mabawa yake yanaacha kuibeba kasi ikishuka hadi kilomita 70 kwa saa, ukiilaza upande kwa nyuzi 60 na kuzuia isishuke, yanaacha kuibeba kwenye kilomita 99. Haijaharibika kitu, kulala tu ndiko kumepandisha kiwango. Na kugeuka nyuzi 180 hakumtoshi. Akishageuka hivyo atajikuta pembeni ya njia, kwa hiyo azidishe, kisha arudishe. Zaidi ya hapo, aliruka akiukabili upepo, na sasa unamsukuma kutoka nyuma. Miti inapita mbio chini yake, anadhani ana kasi ya kutosha, anavuta fimbo. Bawa la ndani linaachia kwanza, ndege inaanza kujizungusha pua chini. Kwa urefu ule hakuna nafasi ya kuiokoa.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, wapo waliogeuza wakafika." Wapo. Walikuwa juu zaidi, au walikuwa tayari wameshaanza kukata kona. Huwezi kumfundisha kijana kwa mfano wa aliyebahatika.

Na hapa kwetu hesabu ni mbaya zaidi. Kiwanja cha ndege cha Tabora kiko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 31, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,000 na kitu. Injini ya namna ile inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na duara la kugeukia linapanuka kwa karibu kiasi hicho hicho. Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell pale Dar es Salaam, alijifunza urubani wa kijeshi Nairobi mwaka 1939 kwa Tiger Moth hizo hizo, na Nairobi iko juu kuliko sisi. Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, walifundisha vijana kwa ndege hizo tangu 1940, nako ni nyanda za juu.

Basi kama hageuzi, anakwenda wapi? Mbele. Kushoto kidogo, kulia kidogo, lakini mbele. Ndiyo maana nasema, na sitachoka kusema, kwamba ardhi iliyo mbele ya njia ya kurukia ni sehemu ya uwanja, hata kama iko nje ya uzio. Unaponunua kiwanja pale kwa sababu ni bei rahisi, ukaweka tanuri la matofali, halafu nyumba, umemzibia mtu mlango wake wa mwisho. Shamba la karanga halimdhuru sana. Ndege itavunjika magurudumu, watu watatoka. Ukuta ni kitu kingine kabisa. Msiniambie ndege za siku hizi hazizimi injini. Zinazima.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilitaka kueleza Kigoma, Juni 1916, Wabelgiji walipoleta ndege za Short za kutua majini kuipiga Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ambayo leo ni Liemba yetu. Zilikuwa na mabawa mawili vilevile, lakini zikiruka zilikuwa na Ziwa Tanganyika zima mbele. Upimaji wa mafuta kabla ya safari nauruka.

Mama pale nyuma ameinua mkono siku nyingi. Karibu, uliza.