Bei ya Waya na Sauti Inayotoka: Mhadhara kwa Wahudumu wa Mitambo ya Sauti, Tabora

Ndugu Mwenyekiti, wazee wa kamati, walimu wa kwaya na wa madrasa, na ninyi vijana mnaokodisha muziki kwenye harusi na mikutano ya hadhara: assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na nitaendelea kulisema maadamu kamati zetu bado zinakusanya michango ya waumini na kuipeleka mahali ambapo haiwezi kuzaa sauti. Neno langu ni hili: waya wa spika una kazi, kazi hiyo inapimika, na waya ukishakuwa wa shaba halisi, mnene wa kutosha, uliofungwa vizuri kwenye ncha zake, fedha yoyote unayoongeza juu yake hainunui sauti. Sisemi kwamba waya hauna maana. Nasema maana yake ina kikomo, na kikomo hicho hufikiwa kwa bei ndogo sana kuliko ile mnayotajiwa dukani.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayokwepwa siku zote. Kila waya una ukinzani, yaani huuzuia umeme kwa kiasi fulani kinachopimwa kwa ohm, na ukinzani huo hutokana na metali iliyomo, urefu wake na unene wake. Chukueni ukumbi wa kawaida hapa mjini, amplifaya ikiwa mbele na spika ya ohm 8 ikiwa umbali wa mita 25. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabuni mita 50. Kwa waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba, ule mwekundu na mweusi ulioshikamana, ukinzani wa safari hiyo unafika ohm 1.7, na karibu theluthi moja ya nguvu iliyokusudiwa kuingia kwenye spika haifiki. Spika ikiwa ya ohm 4, inayopotea ni nusu. Sasa uondoeni huo, mweke waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, unene ule ule ambao mafundi umeme wanautumia kwenye soketi za nyumba: ukinzani unashuka hadi ohm 0.34, na kwa spika ya ohm 8 upotevu unakuwa asilimia 8 hivi, ambao kwa kipimo cha sauti ni chini ya nusu desibeli. Mtu anayesikiliza muziki kwa kawaida hupata tabu kutambua tofauti ya desibeli 1 nzima.

Niambieni basi, waya wa bei kali utaongeza nini hapo? Hata angetokea mtu akawauzia waya usio na ukinzani hata kidogo, angewarudishia ile sehemu ya desibeli peke yake, wala si zaidi. Na nyumbani, ambako spika iko mita 3 kutoka kwenye redio, waya wa milimita 2.5 hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu. Huko ndiko wafanyabiashara wanakotaka mtu atoe mamilioni.

Najua kuna atakayesema kwamba waya wa madini ya fedha ni bora kuliko wa shaba. Ni kweli, hupitisha umeme vizuri zaidi kwa asilimia 6 hivi. Lakini asilimia 6 ya kitu ambacho tayari ni kidogo namna hiyo ni nini? Nunueni waya wa shaba wa milimita 4 badala ya 2.5, mtakuwa mmewapita wenye waya wa madini ya fedha kwa mbali, na chenji itabaki.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na nawaomba mnivumilie hata nikirefusha, kwa sababu hili halitokei Marekani wala Japani, linatokea katika mji wetu. Kamati ya nyumba moja ya ibada hapa mjini ilikuwa na malalamiko kwamba waumini wa nyuma hawasikii mahubiri. Badala ya kumwita mtu aje apime, walikwenda dukani, wakaelezwa kwamba shida ni waya, wakauziwa waya mnene kama kidole, wenye ganda linalopitisha mwanga, ukaonekana ndani unang'aa rangi ya shaba, na ncha zake zimepakwa rangi ya dhahabu. Bei yake ingenunua spika nyingine nzuri. Walipoufunga, watu wa nyuma waliendelea kutosikia, na ndipo nilipoitwa.

Nilikata ncha moja mbele ya wazee, nikachukua uzi mmoja wa ndani, nikaukwangua kwa kisu. Chini ya wekundu ule kulikuwa na weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba juu juu, na alumini kama hiyo huwa na ukinzani mkubwa kuliko shaba kwa karibu mara moja na nusu. Tena ganda lilikuwa limechukua sehemu kubwa ya ule unene, metali yenyewe ikiwa kidogo katikati. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza, "Mwalimu, sasa tulinunua nini?" Nilimjibu kwamba walinunua ganda. Tuliutoa, tukapitisha waya wa kawaida wa shaba kutoka duka la vifaa vya umeme, tukaishusha spika ya nyuma iliyokuwa imeelekezwa darini tukaielekeza kwa watu, na Jumapili iliyofuata mahubiri yalifika hadi mlangoni. Nawaambia wazi kwamba nusu ya kazi ile ilifanywa na kuigeuza spika, ambako hakukugharimu hata shilingi.

Sisi watu wa Tabora tunaijua asali. Hakuna mwenyeji wa hapa anayenunua asali kwa uzuri wa chupa. Ataionja, ataitazama inavyochuruzika, atauliza imetoka pori gani. Kwa nini basi mtu huyo huyo akifika kwenye waya anaamini ganda?

Kwa hiyo jifunzeni kuupima. Kwangueni uzi mmoja: ukiwa mwekundu nje na ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, msiukatae, hiyo ni shaba iliyopakwa bati ili isishike kutu, na ni nzuri. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, urudisheni. Uinueni pia mkononi, kwa kuwa shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, na roli la waya wa alumini hukudanganya macho lakini halikudanganyi mkono. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, apime roli zima la mita 100: waya wa shaba wa milimita 2.5 unapaswa kusoma karibu ohm 0.7 kutoka ncha hadi ncha, na ukisoma zaidi ya ohm 1, kuna jambo. Gusanisheni kwanza ncha mbili za multimita zenyewe, muandike inachosoma, kisha mkipunguze kwenye kipimo cha waya, la sivyo mtamwonea muuzaji mwaminifu.

Atakayenipinga ataniambia: "Lakini Mwalimu, wapo watu wazima, wenye masikio yao, wanaosema wanasikia tofauti." Siwaiti waongo. Mtu akijua kwamba ameweka waya wa bei kubwa, husikiliza kwa makini kuliko jana, na akisikiliza kwa makini atasikia vitu ambavyo jana vilikuwepo lakini hakuvijali. Isitoshe, sauti ikipanda kidogo tu, hata kama mtu haoni kwamba imepanda, huihesabu kuwa ni bora. Ndiyo maana jaribio la haki lina masharti mawili: ukubwa wa sauti ulinganishwe kwa kipimo, na asiwepo yeyote chumbani, si msikilizaji wala anayebadilisha waya, anayejua ni waya upi unaopiga.

Jaribio la namna hiyo limekwisha kufanywa. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha matokeo ya wasikilizaji waliolinganisha waya wa spika wa bei kali, waya wa kawaida wa taa na waya mwembamba sana. Ule mwembamba sana uligundulika walipopigiwa mvumo wa majaribio, kama hesabu inavyotabiri. Ule wa taa na ule wa bei kali, walipopigiwa muziki, hawakuweza kuutofautisha huu na huu. Sasa ni zaidi ya miaka 40, na bado kuna mtu anakuja kuniambia habari za masikio yake.

Mwaka 2007 James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa akifichua madai yasiyo na msingi, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeweza kutofautisha kwa masikio, bila kujua, jozi ya waya wa spika wa Pear Anjou iliyouzwa dola 7,250 na waya mzuri wa kampuni ya Monster. Dola hizo ni zaidi ya shilingi milioni 15 za leo, kwa urefu usiofika mita 4. Jaribio lenyewe halikufanyika, na kwa hiyo siwaletei kama ushahidi. Nawaletea swali: kama tofauti ni kubwa kama wanavyoitangaza, kwa nini shindano hilo lilifungwa mwaka 2015 bila mtu hata mmoja kuichukua fedha ile?

Na kwa kuwa tuko Tabora, nitawaambia hoja ninayoipenda kuliko zote. Mji huu umetoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Rekodi za bendi zetu za miaka ya 1960 mpaka sasa zinapigwa, na mtu akizisikia anasimama. Biashara ya waya wa spika wa bei kali ilikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, pale Noel Lee alipoanzisha kampuni ya Monster Cable huko California. Maana yake ni kwamba gitaa lile, sauti zile, saksafoni zile, zilipita kwenye waya wa kawaida kutoka mikrofoni hadi mashine ya kurekodia, kabla bidhaa hizi hazijazaliwa. Leo mtu anunue mita mbili za waya wa mamilioni apigie muziki ule ule, zitamrudishia kitu gani ambacho hakikupotea? Hata rekodi za leo ni hivyo hivyo: studio hupitisha sauti kwenye mamia ya mita za kebo nzuri za kawaida kabla muziki haujamfikia mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hizi bidhaa zinatembezwa sana.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mengi. Niyapitie mbio.

Kebo za mikrofoni ni sura nyingine, na hapo msibane fedha kupita kiasi. Mikrofoni hutoa sauti ndogo mno, hivyo kebo yake iwe ya pini tatu, yenye nyaya mbili ndani na wavu wa shaba uliozizunguka. Nyaya hizo hubeba sauti ile ile kwa mwelekeo uliopingana. Mngurumo wa umeme ukiingia huingia kwa zote mbili sawasawa, na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, huzitoa moja kwa nyingine, mngurumo ukafutika. Kinacholipiwa hapo ni wavu uliofumwa vizuri, jeki imara, na mkono wa fundi aliyelehemu. Kebo nyingi mnazozitupa hazijafa, zimekatika kwenye jeki.

Wapiga gitaa, kebo yenu haina kinga hiyo ya pini tatu, na kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo inavyomeza sauti nyembamba za juu. Dawa ni kebo fupi, bei haihusiki.

Kebo za dijitali: habari inayopita ni tarakimu, na tarakimu ikifika imefika. Mwaka 2008 kampuni ya Denon ya Japani iliuza kebo ya mtandao ya mita 1.5 kwa dola 499, na mishale ya kuonyesha upande wa kuelekezea. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Waya wa kuchomeka ukutani: umeme umesafiri kilomita na kilomita kwenye nyaya za alumini zilizo nguzoni ndipo ukafika kwenye soketi yako, na mita moja ya mwisho haiwezi kuutakasa. Mwenye tatizo la umeme kupanda na kushuka anunue stabilaiza.

Suala la ardhi ya umeme, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini, na mngurumo unaotokea mikisa na amplifaya zinapochomekwa kwenye soketi za mbali, nitaliacha kwa siku nyingine, kwa kuwa ni refu na ni la hatari. Ila asikate mtu waya wa ardhi eti anaua mngurumo, mtu anaweza kufa akiwa ameshika mikrofoni.

Kisu na multimita nimeviweka pale mezani karibu na mlango. Niliomba kwenye tangazo kila kamati ije na kipande cha waya wake, na naona mmekuja navyo. Tuanze na kamati zilizo karibu kununua mwezi huu.