Omeprazoli Haiui Mdudu

Wazee wangu, akina mama, vijana. Walionisikia Masasi wataniwia radhi, maana nasema yaleyale: omeprazoli haimuui H. pylori, yule bakteria, mdudu wa tumboni anayeleta vidonda vya tumbo na saratani. Nitayasema mpaka vidonge hivi vya kupunguza asidi viache kununuliwa kama pipi.

Habari ya daktari wa Australia aliyewanywa wadudu hawa ili kuthibitisha kwamba wanaumiza tumbo mnaijua, siirudii. Mimi napenda ya Pasaka. Perth, mwaka 1982. Daktari huyohuyo, Barry Marshall, na mwenzake Robin Warren wanamwona mdudu kwenye darubini, katika vinyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa, lakini maabara wakimpanda haoti. Sahani baada ya sahani, hakuna kitu. Desturi ilikuwa siku 2 zikipita, tupa. Ikaja Pasaka, watu wakaenda kupumzika, sahani zikabaki zimesahaulika. Kurudi, mdudu kajaa tele! Kumbe anaota polepole, wao ndio walikuwa na haraka.

Mnacheka. Ninyi mna haraka kuwashinda wale. Dawa za kumuua mdudu ni za siku 14, siku ya tano tumbo limetulia, vidonge vilivyobaki anapewa shemeji! Mdudu aliyeponea hapo anazoea dawa, na safari ijayo hazimwezi.

Huyu H. pylori, ndivyo anavyoandikwa kwenye fomu ya maabara, tangu 1994 wataalamu wa saratani duniani wamemweka kundi moja na sigara. Tunampata utotoni, mara nyingi humohumo nyumbani. Anauchubua ukuta wa tumbo miaka na miaka, hadi kwa baadhi yetu chembe zinageuka saratani. Omeprazoli inapunguza asidi, unalala usingizi, mdudu yupo. Mkorosho ukishikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unapuliza salfa. Hukai chini kuokota maua yaliyokauka.

Najua kuna atakayesema, "Daktari, babu yangu alikuwa naye na kafa mzee wa miaka tisini." Sawa. Wengi walio naye hawapati saratani. Wewe umejuaje kwamba uko fungu la babu? Huko Taiwan, visiwa vya Matsu, walianza 2004 kuwapima watu wazima na kuwatibu, na saratani mpya za tumbo zikapungua kwa zaidi ya nusu. Hawakusubiri kujua nani ni nani. Sisi angalau tuanze na mwenye vidonda vya tumbo, na yule ambaye mzazi au ndugu yake aliuawa na saratani hiyo.

Sasa kipimo, na hapa huwa nakasirika. Kile cha damu kinaweza kusema unaye hata kama ulishapona, kisha unaanzishiwa dawa upya bure. Omba cha haja kubwa. Unaona aibu? Kopo lina kifuniko! Wiki 2 kabla, acha omeprazoli, la sivyo mdudu anajificha. Ukimaliza dozi, wiki 4 zikipita, pima tena. Hii ya mwisho hakuna anayeifanya.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa. Ng'onda na papa wa chumvi, punguzeni. Sigara, nimeshasema.

Ila aliyekonda bila sababu, anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au chakula kinamkwama, huyo asiende duka la dawa wala asianze na kopo. Aende hospitali akapigwe kamera ya tumbo, wiki hii hii.