Sarafu za Kale Shambani: Kitu na Mahali Pake

Wazee wangu, ndugu zangu wakulima, na nyinyi vijana mliokuja na ditekta zenu, hizi mashine za kutafutia metali ardhini, mkaziegemeza pale ukutani, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie sarafu za kale zinazookotwa mashambani. Nitaanza na Pemba, kwa sababu kisa cha Pemba kikieleweka, mengine yote yatakuwa mepesi.

Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba. Maji yakikupwa unavuka kwa miguu. Mwaka 1984, wakati wa utafiti wa mwanaakiolojia Mark Horton, lilipatikana pale lundo la sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vijisarafu vidogo vyepesi, pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile za fedha ni za pwani yetu hii. Upande mmoja zina jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimepangwa kwa vina. Kila nikizisoma nafurahi kwamba watu wa pwani walitia vina hata kwenye pesa zao. Ila hazina mwaka. Za Kilwa nazo hazina mwaka. Jina la Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo wa masultani wa Kilwa, limo kwenye baadhi ya zile za fedha na lilikuwa likijulikana tangu zamani, lakini wataalamu walimkadiria kuwa wa karibu na mwaka 1200.

Dinari za dhahabu zilitoka mbali, nyingine kwa Makhalifa wa Kifatimi waliotawala Misri, na hizo zina tarehe. Ya mwisho kabisa ni ya mwaka 1066. Kwa kuwa zilifukiwa pamoja na zile za fedha, wataalamu walilazimika kumrudisha Ali bin al-Hasan nyuma zaidi ya miaka 100, hadi karne ya 11. Historia nzima ya Kilwa ikapangwa upya kwa sababu ya sarafu chache zilizolala jirani na nyingine.

Sasa chukulieni kwamba lundo lile lilifukuliwa usiku na mtu mwenye haraka. Dhahabu ingekwenda kwa sonara, fedha ingegawanywa kwa madalali watatu wanne. Hakuna sarafu hata moja ambayo ingepungua uzito. Kilichokuwa kipotee ni ule ujirani, na ujirani ndio uliotupa tarehe. Hilo ndilo hasa lililonileta mbele yenu: mahali kitu kilipolala, kina chake, na vilivyokuwa kando yake vina thamani kuliko kitu chenyewe.

Tuje kwenye mashine. Koili ya chini inapitishiwa umeme unaobadilika na kutoa uga wa sumaku. Uga huo ukikuta metali ardhini, metali nayo inatoa uga wake mdogo, mashine inaunasa na kulia. Haichagui. Inalia kwa kizibo cha soda, kwa msumari, kwa sarafu ya sultani. Kwenye udongo mwekundu wenye chuma nyingi inalia hata pasipo na kitu. Sarafu moja ndogo inasikika kwa kawaida hadi sentimita 20 au 30 tu, na hapo ndipo nataka mkae makini, kwa sababu hicho ni karibu kina kile kile cha jembe la trekta. Udongo wa juu umeshageuzwa mara nyingi; sarafu iliyomo humo imeshahama, ingawa bado inakuambia kwamba eneo hili lilikuwa na watu. Udongo wa chini ya hapo, ule mgumu usioguswa na jembe, bado umeshika vitu vilivyo kama vilivyowekwa. Ukifika hapo na mashine bado inalia, usiendelee.

Waingereza wana mfano mzuri wa kusimama. Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na ditekta amtafutie. Lawes akakuta vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu. Alitoa kiasi, kisha akaacha, wakatoa taarifa. Wanaakiolojia walichimba siku iliyofuata. Kwa kuwa sehemu kubwa ilikuwa haijaguswa, waliona vitu vilivyopangwa ndani ya sanduku la mbao ambalo lenyewe lilikuwa limeshaoza. Sarafu zilikaribia 15,000, na zile za mwisho zilionyesha kuwa hazina ile ilifichwa baada ya mwaka 407, utawala wa Warumi ukiwa unaporomoka kisiwani mle. Lawes alilipwa pauni milioni 1.75 akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum.

Hukohuko Uingereza, mwaka 2015, watu wawili walifukua hazina ya zama za Waviking, wale wavamizi wa kale kutoka Skandinavia, karibu na Leominster wakaficha. Miongoni mwa sarafu zake zimo zinazoonyesha watawala wawili wameketi pamoja, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, jambo linalobadilisha tunavyouelewa uhusiano wa falme zao. Inakadiriwa zilikuwa sarafu kama 300. Wawili wale walipofungwa mwaka 2019, zilizookolewa zilikuwa 31. Nyingine zimetawanyika. Mimi kesi ile inanichoma hata leo, ingawa si historia ya kwetu.

Na sarafu za Kilwa zimefika mbali. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano za shaba ufukweni, Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na nne za Kiholanzi. Alitia alama ya X kwenye ramani, na namshukuru kwa alama hiyo. Lakini hakuna aliyeandika zilikuwa tabaka gani la mchanga, na mpaka leo hatuwezi kusema zilifikaje.

Huku kwetu najua kinachowasukuma wengi: habari za rupia za Mjerumani zinazonunuliwa kwa mamilioni. Rupia za fedha zilitengenezwa kwa wingi tangu 1890, na nyingi ni za kawaida. Iliyo adimu kweli ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita. Anayekuambia kila rupia ni utajiri anataka umlipe akutafutie.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa Tanzania Bara, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria yake. Ila nasema wazi, na nimeshawaambia wakubwa: mkulima anayeleta kitu alipwe vizuri, tena mapema. Mtu hawezi kupitiwa na dalali anayelipa papo hapo akaambiwa aridhike na cheti.

Nimalize na kusugua. Sarafu ya shaba ya Kilwa ni nyembamba, na maandishi yake yamebaki kwenye ile kutu ya kijani kuliko kwenye shaba yenyewe. Ukiipaka ndimu na chumvi, au ukwaju, inang'aa dakika tano na jina la sultani limekwenda na maji. Iacheni na udongo wake. Ifungeni kwenye karatasi kavu, andikeni shamba gani, kona gani, kina gani, na siku mliyoiokota. Walio nazo mifukoni leo waje hapa mezani tuzitazame pamoja, na kila mmoja aje na maelezo ya alipoitoa.