Juu ya Kilima Ulikuwa Mgeni, Bondeni Ukawa Jirani

ZAITUN: Hamjambo wasikilizaji, popote mlipo. Mimi Zaitun.

WASSWA: Na mimi Wasswa. Miguu bado inauma.

ZAITUN: Siku ya tatu leo, ndugu yangu!

WASSWA: Siku ya tatu, na usiku bado naota napanda ngazi. Wasikilizaji, Jumamosi dada huyu aliniambia, "Njoo nikutembeze nyumbani kwetu." Nikadhani tunakwenda kunywa chai.

ZAITUN: Chai si tulikunywa? Niwaeleze kwanza. Wasswa ametoka Mbale, yuko Kampala mwaka wa tisa. Analala Ntinda, anafanya kazi Nakasero. Old Kampala, kilima chenye Msikiti wa Taifa, anaijua kwa kupita ndani ya takisi, na dirisha limefungwa.

WASSWA: Limefungwa kwa sababu ya simu! Konda mwenyewe ndiye anayetuambia tufunge.

ZAITUN: Basi. Mimi nimezaliwa bonde la Kisenyi, chini ya kile kilima. Nikasema leo tunashuka. Tunaanza msikitini juu, tunateremka Kisenyi, tunapanda Mengo, na nguvu ikibaki tunamalizia Namirembe. Kwa miguu, bila boda.

WASSWA: Saa tatu asubuhi niko getini kwenye Msikiti wa Taifa, nimevaa kaptula.

ZAITUN: Kaptula, wallahi.

WASSWA: Jua lilikuwa kali! Wakanipa shuka, nikajifunga kiunoni, nikafanana na mvuvi wa Kalangala. Haya, nikapanda mnara nikiwa hivyo. Ngazi zinapita 300, zinazunguka tu, zinazunguka. Katikati nilikuta wasichana wawili wamekaa, wanasema hawaendelei. Niliwaonea wivu.

ZAITUN: Lakini ulipofika juu?

WASSWA: Kule juu sina ubishi. Unaiona Kampala yote kama sinia. Rubaga na minara yake miwili, Namirembe na kuba lake, Makerere, Kololo, Nakasero, Kibuli na msikiti wake mweupe. Shuleni tuliimbishwa vilima saba. Mimi nilihesabu nikaacha nilipofika kumi na kitu.

ZAITUN: Na msikiti wenyewe una hadithi yake. Ardhi ilitolewa enzi za Idi Amin, ujenzi ukaanza miaka ya sabini, Amin akaanguka, ukasimama. Haboba yangu, yaani bibi, alikuwa anasema nguzo zile zilikaa uchi mpaka yeye akazeeka. Fedha zikaja kutoka Libya, ukamalizika mwaka 2006, ukafunguliwa rasmi 2008. Ndiyo maana watu wa boda mpaka leo ukiwaambia "Msikiti wa Taifa" wanakuangalia. Sema "kwa Gaddafi", unafika.

WASSWA: Hapo hapo kilimani ndipo Lugard, yule afisa wa Kiingereza, alipopiga kambi, siyo?

ZAITUN: Desemba 1890. Kile kilima inasemekana kilikuwa cha swala, impala, ndiko jina la mji lilikotoka. Hiyo kila mtoto anaijua, tusikae hapo. Ninachotaka mimi watu wakikumbuke ni msafara ule. Lugard hakuja peke yake. Alitoka Mombasa na askari wa Kisudani na wapagazi wa pwani. Wale wapagazi walikuwa wanazungumza nini?

WASSWA: Hiki tunachozungumza.

ZAITUN: Ehee. Mwaka uliofuata, 1891, akaenda mpaka upande wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan. Hao ndio babu zetu sisi Wanubi. Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili kimeletwa Kampala juzi na serikali, namwambia shuka Kisenyi uulize.

WASSWA: Naomba nisimulie yangu hapa.

ZAITUN: Simulia, lakini usitaje mahali.

WASSWA: Sitaji. Siku ile tuliingia sehemu moja ya kutazama, haikuwa msikitini. Dada Zaitun alikuwa nyuma anapokea simu. Nikamsalimu kijana wa mlangoni kwa Kiswahili safi: "Habari za asubuhi, tunaweza kuingia?" Akanipigia bei ya mgeni. Bei ya watu wa Afrika Mashariki, siyo ya Mganda! Nikamwambia mimi ni Mganda. Akasema, "Mganda gani anaongea hivyo?"

ZAITUN: Nikaja nikamkuta anatoa kitambulisho, jasho linamtoka.

WASSWA: Hata kitambulisho hakikumtosha, ilibidi niongee Luganda. Na Luganda yangu ni ile ya Mbale, imejaa matuta. Alicheka ndipo akanishushia.

ZAITUN: Mimi sikucheka sana, maana najua inakotoka. Wazee wengi wa hapa Kiswahili walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani. "Simama! Fungua! Toa kitambulisho!" Jeshi ndilo lililokuwa na lugha hii tangu wakoloni. Amin akaja mwaka 1973 akakitangaza lugha ya taifa, kwa amri. Sasa lugha ikiletwa na mtu yule, kwa njia ile, nani ataipenda? Nyumba nyingi za Buganda mtoto akirudi na Kiswahili anaulizwa amejifunza kwa wezi gani.

WASSWA: Na bado mwaka 2005 kikaingizwa kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima.

ZAITUN: Juu ya karatasi. Sasa twende chini.

WASSWA: Twende chini. Tulipita kwanza zile nyumba za zamani za Kihindi, za ghorofa moja, zenye roshani. Nyingine zimeandikwa mwaka juu ya kipaa.

ZAITUN: Nyumba zile mimi huzitazama sana. Agosti 1972 Amin aliwaambia wenyewe siku 90 wawe wameondoka nchini. Wengine walirudishiwa majengo miaka ya tisini. Sasa chini pana duka la vipuri, juu mtu ameanika nguo za watoto.

WASSWA: Halafu barabara ikainama, na sauti ikabadilika. Kusema kweli, niliisikia Kisenyi kabla sijaiona. Vinu!

ZAITUN: Vinu vya kusaga mahindi. Vumbi la unga limekaa kila mahali: kwenye kope, kwenye nyusi, kwenye nyaya za umeme. Wapakiaji wanapita na magunia wamekuwa weupe kama mizuka. Posho ya shule nyingi za Kampala inasagwa pale.

WASSWA: Wasikilizaji wa Kenya na Tanzania, posho ndiyo ugali wenu. Msitutumie ujumbe.

ZAITUN: Na unga wenyewe tunauita kawunga. Tulinunua kilo tano, tukamwachia mama mwenye duka tuje tuuchukue jioni. Ulionaje pale dukani?

WASSWA: Pale ndipo nilipoduwaa. Nilianza kwa Luganda, nimeshajifunza adabu yangu. Mama akanijibu kwa Kiswahili. Mpakiaji akadakia kwa Kiswahili. Msomali mmoja akaja kuuliza unga wa ngano, Kiswahili. Kijana wa Kikongo anasukuma toroli, "Pole, pole, nipite," Kiswahili. Hakuna aliyeniuliza natoka nchi gani. Saa moja nyuma lugha hii imenipandishia bei, hapa mama ananipunguzia bila hata kuombwa.

ZAITUN: Kwa sababu pale si ya mtu mmoja. Msomali ana yake nyumbani, Mkongo yake, Mnubi yake, Muacholi yake. Wakikutana kwenye mzani wa unga, wanapima kwa Kiswahili. Hakuna waziri aliyewaamuru.

WASSWA: Na chakula? Zungumzia kile chakula.

ZAITUN: Zungumza wewe uliyekula sahani mbili.

WASSWA: Mkahawa wa Kisomali. Wali wenye viungo, nyama ya mbuzi imelala juu yake, laini, unaiachanisha kwa kidole. Kisha mhudumu akaweka ndizi mbivu pembeni. Nikajua ni ya baadaye, ya kushushia. Nikageuka, mzee wa meza ya pili anaimenya, anaikata ndani ya wali, anakula pamoja!

ZAITUN: Mtu wa matoke akashtuka.

WASSWA: Ndizi mbivu na nyama, dada? Nyumbani kwetu ungeitwa daktari. Lakini nilijaribu. Sasa jana nimefanya hivyo hivyo Ntinda, mke wangu ameniangalia hajasema neno.

ZAITUN: Tukavuka kidogo tukachungulia Owino. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa yule Joseph Balikuddembe, shahidi wa kwanza wa Kikatoliki aliyeuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1885. Lakini sijawahi kumsikia mtu akisema "nakwenda Balikuddembe kununua suruali".

WASSWA: Niliona koti. Mivumba, yaani mitumba, safi. Mwenyewe akasema 40,000, dada Zaitun akacheka, akaanza kuondoka, tukaitwa, tukaondoka tena, tukaitwa tena. 15,000.

ZAITUN: Ungesimama ukaling'ang'ania kwa macho, ungelipa 35,000. Na mfuko wa simu mbele, si nyuma. Hayo mawili yanatosha kwa Owino.

WASSWA: Kisha Mengo. Mlima tena.

ZAITUN: Kilima kidogo tu, Wasswa. Tuliingia Lubiri, kwenye uwanja wa kasri la Kabaka. Mwaka 1966, Mei 24, jeshi la Obote lilivamia pale, Kabaka Mutesa wa Pili akaponea ukutani, akafia uhamishoni London mwaka 1969. Ufalme ukarudi 1993. Kasri lenyewe, Twekobe, unalitazama kwa nje.

WASSWA: Halafu kule nyuma, chini.

ZAITUN: Kule chini.

WASSWA: Ni handaki la zege. Lilijengwa kuwa ghala la silaha, enzi za Amin wakalifanya mahali pa kufungia watu. Vyumba vinafuatana, mbele yake pana maji. Maji yale yalitiwa umeme, ili asitoke mtu. Kuna maandishi ya mkaa ukutani. Mimi niliingia hatua chache nikatoka.

ZAITUN: Mimi huwa naingia mpaka mwisho. Siku ile nikawaza, wale askari walikuwa wanaita majina, wanaamuru, kwa lugha gani? Hii hii. Inawezekana kuna mtu mle maneno ya mwisho aliyosikia yalikuwa ya Kiswahili. Basi yule kijana wa getini aliyekupandishia bei, bibi yake huenda alimwambia kitu.

WASSWA: Hilo hukuniambia siku ile.

ZAITUN: Siku ile ulikuwa unatafuta soda.

WASSWA: Kweli nilikuwa natafuta soda. Haya, tulitoka tukashika ile barabara iliyonyooka, ya Kabaka Anjagala, kutoka kasri mpaka Bulange. Pembeni kuna alama za koo za Buganda, simba, chui, kakakuona...

ZAITUN: Na katikati pana mzunguko wa Nnantawetwa. Magari yote yanazunguka. Njia inayopita katikati imefungwa geti, ni ya Kabaka peke yake. Mfalme hazunguki.

WASSWA: Mimi nilizunguka, kwa mguu mmoja. Bulange jengo zuri jamani, lile ndilo bunge la Buganda, na uani kuna kobe mkubwa. Kila uliyemuuliza umri wake alisema namba yake mwenyewe.

ZAITUN: Namirembe nilimburuta.

WASSWA: Uliniburuta, lakini nashukuru. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa, kuna upepo. Mzee mmoja alitusimulia kwamba kanisa hili si la kwanza. Moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine likachomwa na radi mwaka 1910. Hili la matofali limemalizika 1919. Nikamuuliza, mzee, Mungu alikuwa anakataa? Akasema, "Hapana, alikuwa anakataa nyasi." Paa za zamani zilikuwa za nyasi.

ZAITUN: Rubaga hatukufika. Msituulize.

WASSWA: Tuliiona kutoka mnarani, inatosha.

ZAITUN: Wanaotaka kwenda: fikeni msikitini asubuhi, mkwepe Ijumaa mchana, kuna swala. Kina dada, mtapewa mtandio na shuka. Na kutoka pale msipande boda mpaka Mengo. Ukiruka Kisenyi umeona majengo tu.

WASSWA: Ila, dada, unga wetu.

ZAITUN: Ah! Tulirudi Kisenyi magharibi, adhana inaita, duka limefungwa. Wasswa akaanza kusema, "Nilijua."

WASSWA: Nilisema kimoyomoyo.

ZAITUN: Ulisema kwa sauti. Yule anayekaanga chapati pembeni akatuita: "Ninyi wa kawunga?" Akauvuta chini ya meza yake. Mama alikuwa ameuacha kwake, ameufunga kamba, na juu ameandika kwa kalamu ya wino: "Mtu wa Mbale."